Sentimita Mbili za Kwanza

Sikiliza, mwanangu, wewe uliyeanza kazi katika chumba cha picha mwaka huu na bado unashika proba, kile kishikio cha mashine tunachopitisha juu ya ngozi, kama mtu aliyeokota yai la moto. Hujakosea. Ishike hivyo hivyo mpaka mkono uzoee. Mimi nimestaafu, miguu ilikataa kusimama kutwa nzima, ila mdomo haujastaafu. Nataka kukueleza kazi yetu kwa watoto waliopasuliwa moyo, na nikipandisha sauti katikati ya maelezo, ujue si wewe ninayekugombeza.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa kuwa ninyi vijana mnakuja kutoka kila upande, Bukavu, Kisumu, Mwanza, Arua, na Kiluganda mtajifunza polepole mezani na sokoni. Mimi Kiswahili nilikipata kambini Mbuya, ambako baba yangu aliendesha malori ya jeshi. Nilipokuwa msichana nilificha lugha hiyo nikienda mjini, maana mjini Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi, na watu waliposikia walishika mikoba yao. Baadaye ndiyo iliyonifaa kuliko cheti chochote.

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mgonjwa. Bi Nakato, aliyenifundisha kazi, alinikalisha kwenye kiti cha wagonjwa, akaniambia nijipige picha mwenyewe kwenye mkono, kuanzia kiwiko hadi kiganja, mpaka niweze kumwonyesha mshipa, msuli, mfupa na ngozi bila kubahatisha. Nilidhani ananichelewesha. Nikasukuma kitufe cha kina, nikatafuta mfupa upesi upesi.

"Rukia," akasema, "unakwenda wapi?"

"Kwenye mfupa, Bi."

"Na ngozi umeiacha na nani?"

Ndivyo alivyokuwa. Chupa ya jeli aliitia ndani ya beseni la maji ya moto tangu asubuhi, na kabla ya kumpaka mtoto alijipaka kwanza kwenye kifundo cha mkono, kama mama anayeonja uji. Mtoto akishtuka kwa baridi, alisema, moyo utakaouona ni moyo wa mtoto aliyeogopa, na utaandika ugonjwa wa baridi yako. Fanya hivyo nawe. Beseni halina gharama.

Sasa nikueleze jambo ambalo hadithi yangu yote inasimama juu yake. Ni rahisi, usiogope. Mashine yetu inatuma sauti, inasikiliza mwangwi. Maji yanaonekana meusi, mfupa mweupe wenye kivuli nyuma yake. Ukitaka kuona moyo unaongeza kina, ili moyo wote uingie kwenye skrini. Lakini skrini haikui. Ukiongeza kina, vyote vilivyo karibu na ngozi vinabanwa kule juu na kuwa utepe mweupe, kama povu juu ya kikombe cha chai. Hakuna anayesoma povu. Sisi watu wa moyo tuna kosa letu, na sijaliona kwa wapiga picha wengine: tumefunzwa kutazama mbali hata hatuoni kilicho puani. Anayepiga picha za tezi za shingo hawezi kukosa hivyo. Sisi tunaweza, tena kwa fahari.

Kwa mtoto aliyepasuliwa moyo, hizo sentimita mbili za kwanza ndizo njia aliyopita daktari. Mfupa wa kidari ulikatwa katikati, kisha ukashonwa kwa nyaya. Vijidudu vikiingia, mara nyingi havianzi na kelele. Kovu juu linaweza kukauka vizuri kabisa huku usaha unakusanyika chini ya ngozi, ukipenya kwenye pengo la mfupa, ukatua nyuma yake. Na nyuma yake kuna moyo. Hapo ndipo mtoto aliyepona ugonjwa aliozaliwa nao anapokufa kwa ugonjwa aliopewa hospitalini. Habari njema ni kwamba mfupa wa mtoto mdogo bado ni gegedu kwa sehemu kubwa, na sauti inapita. Kwa mtu mzima tungeona kivuli tu. Kwa mtoto dirisha liko wazi, ni sisi tuliopitiliza.

Dokta Opio, mpasuaji wetu, alilijua hilo mapema. Ni mtu mrefu, mpole, anayeinama mlangoni hata pale ambapo mlango unamtosha. Siku moja alikuja chumbani kwetu na kuomba kwa adabu kwamba kila mtoto anayeletwa kukaguliwa moyo baada ya upasuaji, atazamwe na kovu pia. Mkuu wetu wa chumba alikuwa Mzee Ssali. Alimjibu bila kuinua macho.

"Dokta, moyo ni wetu. Kovu ni ngozi. Ngozi inatazamwa na macho."

"Mzee, usaha ukifika kwenye macho tumechelewa."

"Basi mtupe chumba kingine na watu wengine. Hapa tuko wanne, na foleni inafika kwenye choo."

Mzee Ssali hakuwa mtu mbaya, na nataka nimtendee haki kabla sijaanza kumkasirikia. Foleni kweli ilifika chooni. Na proba inayofaa kazi hiyo, ile bapa, pana kama mwiko, inayoona karibu kwa usafi mkubwa, ilikuwa moja tu. Ya kabla yake iliangushwa na mwanafunzi, kioo kikapasuka, na wakubwa walimsimamisha Mzee Ssali mbele ya kikao kama mwizi wa kuku. Tangu hapo proba bapa iliishi kabatini, imefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulilala mfukoni mwake. Ilitolewa kwa shingo na mishipa ya miguu, akiwepo yeye. Hospitali ilinunua chombo cha kuona, kisha ikakitia gizani ili kisiharibike. Nikifikiria hilo hadi leo chai yangu inapoa.

Kulikuwa na desturi nyingine, mbaya zaidi kwa kuwa ilivaa nguo za heshima. Mtu wa picha hagusi plasta ya kidonda. Plasta ni ya wodi. Kwa hiyo tuliupiga picha moyo kutoka chini ya mbavu na kutoka pembeni, tukazunguka kidonda kama watu wanaozunguka msiba wasiotaka kusalimia wafiwa. Kila mtu alikuwa msafi, kila mtu alifuata utaratibu, na hakuna aliyetazama pale palipokatwa.

Kabla ya kisa nitakachokueleza, binti wa mpishi mmoja kule Kyambogo alirudishwa kwetu wiki kadhaa baada ya kuruhusiwa, kovu limefunguka lenyewe. Alikuwa amechelewa mno. Wakubwa walikuja, wakainamisha vichwa, wakasema Mungu amempenda zaidi. Mimi naswali, na namwogopa Mungu, ndiyo maana niliondoka chumbani. Mungu hakuwa ameficha ufunguo wa kabati.

Ndipo akaja Ombeni.

Ombeni alikuwa hajatimiza miaka miwili. Alizaliwa na tundu kati ya vyumba vya moyo, na Dokta Opio alikuwa ameliziba vizuri. Mama yake alikuwa Mkongo kutoka upande wa Bukavu, mkimbizi aliyeuza vitenge sokoni Nakivubo, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Ilikuwa Ijumaa. Mtoto aliletwa kwetu kupigwa picha ya mwisho ya moyo kabla ya kwenda nyumbani, akisindikizwa na sista wa wodi, Kevina, ambaye alihitaji kitanda kile kwa mtoto mwingine.

Nilitazama moyo. Tundu limezibwa, moyo unapiga kwa raha. Nikampa mama hongera kwa Kiswahili. Alinishika mkono wenye jeli, hakuuachia.

"Kumbe Mama Docta unasikia luga yetu! Basi unisaidie. Banasema mutoto iko muzima. Miye minaona hapana."

"Unaona nini, mama?"

"Nikimunyanyua ku makwapa, anaria. Nikimubeba chini ya matako, ananyamaza. Mbele hakukuwa vile. Hata kesho yake ya kumupasua hakukuwa vile."

Sista Kevina akavuta pumzi. "Banange, Rukia, huyu mama anasema hiyo kila siku. Mtoto iko sawa. Homa hakuna. Analia juu ya kudeka tu, wamemzoeza mgongoni."

"Homa mmepima saa ngapi?"

"Kabla ya daktari kupita, kama kawaida."

"Na dawa ya maji ya homa mnawapa saa ngapi?"

Akanitazama. Alikuwa mwanamke mwenye akili, na niliona jibu likimfikia usoni kabla halijafika mdomoni. Wodini walikuwa na mazoea ya kuwapa watoto dawa ya kutuliza homa na maumivu alfajiri, ili wasilie wakati madaktari wanapita. Watoto walikuwa watulivu, madaktari walifurahi, na homa ilipimwa wakati imelazwa usingizi. Hakuna aliyekusudia udanganyifu. Lakini kipimajoto hakijui nia ya mtu.

Nikamwomba mama amnyanyue Ombeni mbele yetu. Akamshika makwapani, mtoto akapiga yowe lililomgeuza mgonjwa kwenye benchi la nje. Akambadilisha, akamshika chini, mtoto akaegemeza kichwa na kunyamaza. Tazama jinsi kipimo hicho kilivyo rahisi. Ukimnyanyua makwapani unavuta mifupa ya kifua pande mbili. Mfupa unaopona kwa amani hauumi hivyo baada ya siku za kwanza kupita. Mama alikuwa ametufanyia uchunguzi wodini kila siku, akatusomea majibu, na sisi tukaita kudeka.

Nilikwenda kabatini. Kufuli. Mzee Ssali alikuwa amesafiri Masaka kwenye kwanjula ya mpwa wake, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, ambapo ssenga, shangazi wa binti, humtafuta bwana harusi kati ya wageni, na ufunguo alikuwa amesafiri nao. Nikampigia. Ngoma zilikuwa nyingi hata nikaweka simu mbali na sikio, na Mzee, ambaye r ya jina langu haikuwahi kumkaa mdomoni, alipaza sauti.

"Lukia! Ssenga ndiyo anamtafuta bwana harusi kati ya wanaume sasa hivi! Sema haraka!"

"Mzee, nahitaji proba bapa. Kuna mtoto wa Dokta Opio."

"Moyo una kasoro?"

"Moyo mzima. Nataka kutazama kovu."

"Kovu! Ssebo... nnyabo, bibi wee, nitarudi Jumatatu. Hiyo kabati usiivunje, nimekwambia!"

Sikulivunja. Nakiri nilipima bawaba kwa macho.

Sasa nifuate vizuri, kwa sababu hili utalihitaji siku ambayo huna unachokitaka. Proba ya moyo haioni vizuri karibu kabisa na ngozi, lakini inaona vizuri mbele kidogo ya hapo. Basi kama huwezi kuleta proba nyingine, sogeza ngozi mbali. Bi Nakato alinionyesha njia hiyo zamani kwa uvimbe wa mkononi. Unachukua glavu ya upasuaji, isiyo na vijidudu, unaijaza maji ya chumvi ya dripu, unatoa mapovu yote, unaifunga. Unaiweka juu ya ngozi, na proba juu yake. Maji yanapitisha sauti bila kusema neno, na ngozi inashuka kwenye skrini mpaka pale proba inapoona. Ni mto mdogo wa maji kati yako na mtoto, na mtoto anaupenda kwa kuwa hauumizi.

Ilibaki plasta. Nikamgeukia Sista Kevina.

"Siruhusiwi kuigusa. Wewe unaruhusiwa."

"Rukia, nikifungua na hakuna kitu, nitaulizwa."

"Na ukiacha kufungua na kipo?"

Alinawa mikono, akavaa glavu, akatoa plasta taratibu, akasafisha. Kovu lilikuwa zuri. Nataka ulijue hilo. Lilikuwa jembamba, kavu, la kupigiwa mfano. Nikaivalisha proba glavu nyingine, nikatumia jeli isiyo na vijidudu, nikauweka ule mto wa maji juu ya kidari na kupunguza kina mpaka moyo ukatoka kabisa kwenye skrini. Kwa mtu wa moyo ni kama kumwambia dereva azime taa. Fanya hivyo. Moyo hautakimbia.

Juu maji ya glavu, meusi safi. Chini yake ngozi, kisha mafuta membamba, kisha kingo mbili za mfupa. Na kati ya kingo hizo paliposhonwa, palipotakiwa kuwa na ufa mwembamba tu, kulikuwa na dimbwi. Halikuwa jeusi safi kama maji ya glavu. Lilikuwa na chembe za kijivu ndani yake, na nilipobonyeza kwa upole chembe zikazunguka, kama majani ya chai unapokoroga. Dimbwi likapenya kwenye pengo, likatanuka nyuma ya mfupa, kama uyoga uliopinduliwa kichwa chini. Ombeni akalia kidogo, na kila alipolia kingo za mfupa zikaachana.

Usije ukaandika neno usaha kwa sababu ya picha. Baada ya upasuaji maji kidogo na damu iliyoganda huwa vipo, na havina ubaya. Picha inakwambia kuna maji yenye chembe mahali yasipotakiwa, yanaunganika mbele na nyuma ya mfupa, na mfupa unacheza. Sindano ndiyo inayotaja jina. Nilimwambia Sista Kevina amwite Dokta Opio, na nikamwomba mama aketi.

Dokta alikuja na buti za chumba cha upasuaji. Hakuuliza proba iko wapi, hakucheka ile glavu.

"Nionyeshe tena," akasema. "Bonyeza kidogo... Inazunguka. Sasa nyuma ya mfupa... Ee, Mungu wangu."

Akamchoma mtoto sindano baada ya kumtia ganzi, nami nikimwongoza kwa picha. Kilichopanda kwenye bomba kilikuwa kizito na cha manjano. Mama alikuwa amesimama, hakuna aliyekumbuka kumtafsiria, na hakuhitaji.

"Hiyo ndiyo nilikuwa nasema," akasema. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. "Nilisema ku wodi. Nilisema ku mwenye kufagia, nilisema ku docta mudogo. Nilisema na Kiswahili, sina ingine. Mulikuwa munangoja niseme na luga gani?"

Sista Kevina alijibu, na ninamheshimu kwa hilo. "Tulisikia, mama. Tulisikia Kiswahili, tukaona shida, hatukusikia maneno."

Siwezi kuieleza wodi yetu vizuri zaidi ya hapo. Katika mji huu mtu akiomba kwa Kiswahili, masikio ya wengine yanasikia kizuizi na bunduki. Mama anaomba mwanawe aangaliwe, wanasikia fujo. Angelisema kwa Kiingereza cha puani, angeliletewa kiti.

Ombeni alirudi chumba cha upasuaji siku hiyo hiyo. Walifungua, wakasafisha, wakabadilisha nyaya, na alikaa nasi muda mrefu kwenye dripu ya dawa za kuua vijidudu. Kulikuwa na siku ambazo Dokta Opio alipita kitandani bila kusema, na siku hizo mama hakula. Mimi nilipiga picha ya kovu kila nilipoitwa na hata nisipoitwa. Tulitazama lile dimbwi likipungua, likawa ufa, kisha ufa ukafunga. Sijawahi kupenda kutazama kitu kinachotoweka kama nilivyopenda kutazama kile.

Mzee Ssali alirudi Jumatatu. Nilimwekea picha kwenye skrini. Alizitazama, akavua miwani, akaifuta, akazitazama tena.

"Lukia, ungenipigia mara ya pili."

"Ningekuuliza nini mara ya pili, Mzee? Ssenga alimpata bwana harusi?"

Alicheka kidogo, kisha hakucheka. Alitoa ufunguo, akaufungua mlango wa kabati, akaiweka proba bapa kwenye mkono wa mashine, na kufuli akalitupa kwenye droo.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Wakubwa waliitisha kikao. Tulishukuriwa kwa ushirikiano, neno linalotumika hospitalini pale watu wasipotaka kujua nani alizuia nini. Kisha mmoja wao, ambaye hajawahi kushika proba, akasema kwamba matumizi ya glavu yenye maji hayamo kwenye utaratibu na yasirudiwe, na kwamba vifaa vyote vya thamani vifungwe. Watu wakaandika. Dokta Opio akasimama, kichwa chake kikikaribia taa, akauliza kama kuna kifaa cha thamani kuliko mtoto. Kufuli jipya lililetwa, kubwa kuliko la zamani. Mzee Ssali alilipokea kwa adabu, akatia sahihi, na siku zote zilizobaki za utumishi wake hakulifunga. Alipoondoka yeye nililirithi, nami sikulifunga. Sasa mimi nimeondoka, na nasikia limefungwa tena. Ndiyo maana nimekalia kiti hiki na kuandika kwa hasira mchana kutwa.

Mwanangu, utakuwa na mashine nzuri kuliko zetu, na foleni ndefu kuliko yetu. Utaambiwa kovu si kazi yako. Usibishane nao, una mgonjwa kitandani. Kesho, kabla ya mtoto yeyote aliyepasuliwa moyo kwenda nyumbani, fanya hivi. Mwombe mama amnyanyue makwapani, wewe utazame uso wa mtoto. Mwombe sista afungue plasta. Paka jeli safi yenye vuguvugu, na kabati likiwa limefungwa weka glavu ya maji, punguza kina mpaka moyo utoke kwenye skrini, pita juu ya kovu kutoka shingoni hadi tumboni, mbele ya mfupa na nyuma yake. Ukiona maji yenye chembe yanayozunguka ukibonyeza, usimruhusu mtoto atoke mlangoni. Mwite daktari.